Mpwa wangu alililia wembe, nikampa, ila baada ya wiki mbili

Mzigo ulifika umefungwa magazeti na tepu kama vile ndani kuna nyoka. Mpwa wangu ndo alifungua, manake wembe ni wake, mi hapa ni fundi tu. Akautoa, akaukunjua taratibu, akaushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya kwa mkia, alafu akaniangalia. "Anko, una uhakika hiki kitu kinaenda usoni?"

Sikumlaumu. Bapa limejaa madoa ya kahawia na meusi, shingoni, pale bapa linapoungana na mpini, kumeganda sabuni ya miaka hiyo, mpini umefifia, na ukiufunga wembe unagonga upande mmoja wa mpini kama mlango uliolegea bawaba. Muuzaji kwenye tangazo lake aliandika eti "tayari kwa kunyolea". Aisee. Ule usingekata hata karatasi kavu. Ila picha niliziona kabla kijana hajalipa na mi ndo nilimwambia chukua, manake kwenye wembe mzee hununui mng'aro, unanunua chuma, na chuma kilichokuwa chini ya ule uchafu kilikuwa kizima.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Sawa, mpe, lakini unoe kwanza. Watu wengi wanadhani mwanafunzi apewe wembe ambao sio mkali sana ili asijikate, na hapo ndo wanapomuumiza, kwa sababu wembe butu hautelezi kwenye ndevu, unakwama, yeye anaongeza nguvu, ngozi inajikunja mbele ya makali na hapo damu lazima itoke.

Mi mwenyewe nilianza vibaya. Nilinunua wembe kimeo, kinoo cha visu vya jikoni na mkanda wa ngozi wa kupitishia wembe, vyote siku moja, nikajiambia nitajifunza vyote kwa mpigo. Basi kila nikinyoa wembe unang'oa ndevu badala ya kuzikata na sijui kosa liko wapi, ni makali hayajakaa, ni mkanda nimeupitisha vibaya, ni pembe ya mkono, ni povu jepesi? Mambo manne yote siyajui na uso wa kujaribia ni mmoja. Nilitembea na vipele shingoni mpaka watu wakawa wananiuliza kama naumwa. Kwa hiyo kwa huyu kijana niliamua hivi: makali nitaweka mimi, nitajinyolea mimi kwanza nihakikishe yako sawa, alafu yeye ajifunze kitu kimoja tu, mkono. Kunoa atajifunza baadaye akitaka.

Kabla sijaendelea, tuelewane tunaongelea wembe upi. Siongelei ile ya saluni ambayo kinyozi anavunja kiwembe katikati anachomeka nusu, akimaliza kichwa anatupa. Naongelea ule ambao bapa lake ni kipande kimoja cha chuma cha pua kinachokunjwa ndani ya mpini, hautupi kitu, unanoa. Wanaume walinyolea huo karne na karne mpaka Mmarekani King Camp Gillette alipopata hataza ya wembe wake wa kubadilisha mwaka 1904, na baada ya hapo hizi za kukunja zikaanza kuingia kwenye madroo na masanduku ya marehemu babu. Ndo maana mpaka leo zipo nyingi sana mitumba, na nyingine hazijanyolea hata mwaka.

Huu wa kijana umegongwa shingoni Solingen, Germany. Jina Solingen ni la mji wa Ujerumani wa watu wa visu na nyembe, na tangu 1938 kuna sheria kabisa inayolinda hilo jina. Neno Germany lenyewe nalo linasema kitu: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ile ya McKinley, ililazimisha bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, ikaanza kubana 1891, kwa hiyo wembe wenye jina la nchi kwa Kiingereza mara nyingi ni wa baada ya hapo. Ukikuta umeandikwa Sheffield tu (mji wa visu wa Uingereza) bila nchi, unaweza kuwa mzee zaidi ya huo. Sio lazima ujue haya ili unyoe, ila mi napenda kujua naongea na mzee wa umri gani.

Haya, ukaguzi. Hapa ndo usiwe na huruma, kwa sababu kuna ugonjwa unaotibika na usiotibika.

Usiotibika wa kwanza ni ufa. Bapa la hizi nyembe limebonyea mbavuni pande zote mbili, ukikaribia makali linakuwa jembamba kiasi kwamba ukilikandamiza na ukucha kidogo linapinda, kwa hiyo ufa hata wa milimita mbili hauna dawa. Siku moja utabanduka kipande, na hutaki kibandukie shavuni. Mi naupaka wembe mzima mafuta mepesi, naufuta mpaka ukauke, alafu nauacha dakika kumi nakuja kuuangalia na kioo cha kukuza chini ya taa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha mle yanatoka polepole na unaona kamstari kembamba kamechora tena. Huu haukuwa nao. Nikashusha pumzi.

Wa pili ni kutu iliyokaa kwenye makali yenyewe. Kutu nyekundu ya juu juu sio kitu, inatoka. Ila ile nyeusi iliyochimba vishimo, ikiwa pale pale kwenye milimita ya mwisho ya makali, kila ukinoa unafungua kishimo kingine na makali yanakuwa kama msumeno ukiyaangalia kwa lenzi. Vishimo vikiwa katikati ya bapa au karibu na mgongo achana navyo, havinyoi hivyo.

Wa tatu ni umbo. Laza makali kwenye kitu kilichonyooka, rula ya chuma mfano. Yakiwa yamejipinda kidogo kama tabasamu ni sawa, nyembe nyingi nzuri zilitengenezwa hivyo makusudi. Yakiwa yamenuna, yaani katikati kumezama na ncha mbili zimebaki juu, maana yake kuna mtu aliwahi kunoa kwa hasira, na kurudisha hapo utakula chuma kingi sana. Wa kijana ulikuwa umenyooka, una pengo moja dogo karibu na katikati, dogo lakini ukipitisha pamba inanasa.

Na mpini usiusahau. Mipini mingi ya zamani ni seluloidi, plastiki ya zamani, na hii kitu ikizeeka vibaya inaanza kuoza yenyewe, inatoa gesi za oksidi za nitrojeni ambazo zikikutana na unyevu zinakuwa tindikali, na tindikali inakula bapa likiwa limefungwa ndani. Dalili yake unaona kutu imechora kivuli cha mpini kwenye bapa wakati shingo ni safi, na ukiunusa unakuta harufu kali. Mpini kama huo toa, weka mbali na wembe mwingine wowote, na weka mbali na moto pia manake seluloidi inawaka kama kiberiti. Huu wetu ni pembe ya ng'ombe, imekauka tu. Pembe nikaipaka mafuta nikaiacha usiku kucha, asubuhi imekunywa yote, nikaipaka tena.

Usafi sasa. Wembe wa mtu mwingine umepita kwenye ngozi ya mtu mwingine, hilo sio la kuonea aibu kulifikiria. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki mzee, na kijiti cha meno kwa ule uchafu wa ndani ya mpini karibu na ribiti. Alafu spiriti ya asilimia 70, ambayo inaua vizuri kuliko ile kali zaidi kwa sababu yale maji kidogo ndo yanaisaidia kupenya. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 vikiwa vizima, kwa hiyo hata wembe wa rafiki yako uliouona jana anautumia, fanya hivo hivo. Mpwa wangu akaniuliza kuhusu pepopunda, manake kila mtu ameambiwa kutu inaleta pepopunda. Kutu yenyewe haileti, vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na uchafu, na kinga yake ni chanjo, nikamuuliza yako ni ya lini, akaanza kuangalia dari.

Kitu cha kwanza kabisa nilichofanya kabla ya kusugua ni kuua makali. Unachukua glasi, unapitisha makali juu ya ukingo wake mara moja au mbili, taratibu, bila nguvu, basi. Inauma roho lakini kwa sasa hayo makali hayana kazi, na vidole vyako vinakwenda kusugua karibu yake kwa saa nzima.

Alafu msasa wa maji. Namba ikipanda ndo ulaini unaongezeka, kwenye vinoo pia. Nilianza na namba 600 kwenye madoa tu, nikaenda 1000, nikamalizia 2000, na mafuta mepesi kidogo, kipande cha msasa nimekizungushia kizibo ili kifuate ule mbonyeo wa ubavu. Bapa lazima lilale juu ya kitu, mi naliegemeza kwenye kipande cha mbao, usilishike hewani ukasugua, litavunjika kama biskuti. Na unasugua kutoka mgongoni kuelekea makali, ukifika unanyanyua, hurudi nyuma. Nilisugua dakika arobaini hivi. Madoa ya kahawia yakatoka, meusi yakabaki kama vivuli, nikaacha.

Kijana hakufurahi. "Anko si ungemalizia tu uwe kama kioo?" Alikuwa ameona video za watu wanachukua wembe wenye kutu wanautoa unang'aa mpaka unajiona meno. Nikaenda kabatini nikamletea wembe wangu mmoja ambao siutumii, nimeutunza kwa ajili ya somo. Unang'aa kweli kweli. Ila karibu na ncha, ukiugeuza kwenye mwanga, kuna kivuli cha bluu kama sentimita moja. Huo niliung'arisha kwa drili yenye kitambaa na krimu, nilikuwa najisikia fundi mkubwa, nikatulia sehemu moja sekunde chache zaidi. Chuma cha wembe kinafanywa kigumu kwa kuchomwa na kupozwa ghafla, alafu kinalegezwa kidogo kwa joto la wastani ili kisivunjike, na ukikipasha tena zaidi ya pale ugumu wake unaondoka. Kikifika digrii 200 na kitu kinaanza rangi ya majani makavu, kikikaribia 300 kinakuwa bluu, na pale kwenye ncha chuma ni chembamba kiasi kwamba hakina pa kupeleka joto. Ukinoa ile sehemu inanoleka vizuri tu, alafu ukinyoa shavu moja makali yamelala. Hakuna kuurudisha nyumbani. Kwa hiyo mi mashine kwenye bapa nimeacha, mkono tu, na mkono ukichoka ndo kazi imeisha.

Kule kugonga mpini lilikuwa jambo dogo, ribiti ya shingoni ilikuwa imelegea. Niliweka ribiti juu ya kichuma, nikagonga na kinyundo kidogo, gonga nyepesi, geuza, gonga, jaribu kufunga, mpaka bapa likawa linaingia katikati bila kuyumba. Usigonge kwa hasira manake pembe inapasuka. Kufungua ribiti zote na kuvua mpini ni kazi nyingine kabisa, na kama hakuna sababu, usiifanye.

Sasa kinoo. Hapa ndo siku zangu mbili zilikokwenda na hapa ndo wembe unapozaliwa au kufa, mengine yote ni kupiga deki.

Kinoo kwanza kiwe kimenyooka. Unachora miraba kwa penseli juu yake, unakisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo, na pale penseli inapobaki ndo pamebonyea, unaendelea mpaka michoro yote ifutike. Cha kwanza kwangu ni namba 1000. Alafu uzuri wa wembe wa kukunja, ambao kisu hakina, ni kwamba pembe ya kunolea umeshawekewa na aliyeutengeneza. Unalaza mgongo na makali vyote viwili vigusane na kinoo, basi, hubuni kitu. Huu ulikuwa na upana wa 5/8 ya inchi, kama milimita 16, na mgongo nilioupima ni milimita 4.5, ukipiga hesabu pembe inakuja kama digrii 16. Nikabandika tepu nyeusi ya mafundi umeme juu ya mgongo, tabaka moja, ili kinoo kisile mgongo na ule urembo wake, hiyo inaongeza kama digrii 1 na haina shida, ila ukianza na tepu basi nenda nayo mpaka mwisho na uibadilishe ikichakaa.

Alafu nikapaka makali rangi ya maka peni pande zote mbili. Huu ujanja mdogo umeniokolea nyembe nyingi. Unapitisha wembe mara tano tu, unaangalia rangi imetoka wapi. Kwangu ilitoka kisiginoni, yaani mwisho wa makali upande wa shingo, ikatoka kwenye ncha, katikati pale penye pengo ikabaki nyeusi kama urefu wa ukucha. Maana yake pale kinoo hakijafika bado, na ningeenda kwenye kinoo laini hapo ningekuwa napolisha hewa. Wengi wanakosea hapo hapo, wanaona wembe umeanza kukata nywele za mkono kisiginoni wanasema tayari, wanapanda namba 8000, alafu wanashangaa shavuni unakata hapa unavuta pale.

Wembe unakwenda makali mbele, kama vile unataka kukwangua ngozi nyembamba ya kinoo, na unausogeza pembeni huku unaenda mbele, kwa sababu kinoo ni chembamba kuliko urefu wa bapa, unaanzia kisiginoni unaishia kwenye ncha, mkono unachora kama X. Kugeuza unageuzia mgongo, mgongo hautoki kwenye kinoo hata siku moja. Nguvu ni uzito wa wembe na kidole kimoja kinachopumzika. Nilipitisha arobaini kila upande, nikafuta, nikapaka maka peni, nikaangalia, bado. Thelathini nyingine. Bado kidogo. Ilikuwa saa nzima na nusu ya kazi ya kuchosha ambayo hakuna mtu anaiwekea video.

Alafu kuna kitu kinatokea. Sauti inabadilika, ile ya kukwaruza inalainika inakuwa kama mtu anapangusa meza na kitambaa. Na maji. Mwanzoni wembe unasukuma maji mbele yake, sasa maji yakaanza kupanda juu ya makali, kamstari kembamba ka maji kanapanda bapani kutoka kisiginoni mpaka ncha bila kukatika. Nikamwita kijana aje aone. Akasema haoni kitu. Nikamwambia angalia tena, pale pale, akainama mpaka pua ikakaribia kinoo, alafu akasema "aaaa". Hapo nikajua hata kunoa atakuja kuomba afundishwe.

Maka peni ikatoka yote kwa mpitisho mmoja. Pengo limepotea. Nywele za mkono zikakatika usawa wa ngozi, kisiginoni, katikati, nchani, sawa sawa. Hapo ndo unaruhusiwa kupanda.

Kuanzia hapo ni kufuta mikwaruzo tu. 4000, alafu 8000, alafu 12000, kila kimoja nguvu inapungua mpaka cha mwisho unahisi kama hugusi. Kuna wanaomalizia kwa mawe ya asili, ya Ubelgiji yana vipunje vya ganeti ndani yake, na wana maneno mengi sana kuhusu ulaini wake, mi ninalo moja na nalipenda ila siwezi kukudanganya kwamba mpwa wangu angejua tofauti. Makali yakifika hapo unene wake ni chini ya mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani ni kama mikroni 50 mpaka 100. Nilishika unywele mmoja nikaushusha juu ya makali, ukaanguka bila kulalamika.

Mkanda wa ngozi ndo wa mwisho na ndo atakaoutumia yeye kila siku, kwa hiyo huu nilimfundisha kwa wembe butu kwanza, siku tatu. Hapa mambo yanageuka: kwenye kinoo makali yanatangulia, kwenye mkanda mgongo unatangulia. Ukisahau unakata mkanda na unakunja makali kwa pigo moja. Mkanda unavutwa ukaze, wembe unalala kabisa, upande wa kitani mara ishirini, upande wa ngozi mara hamsini, na kugeuza unageuzia mgongoni tena. Haraka sio sifa. Wale wa kwenye sinema wanaopiga chwa chwa chwa wanaigiza.

Nikajinyolea mimi. Uso mzima, mara mbili, na kidevu changu kina ndevu za waya. Ulipita vizuri mpaka nikajisikia vibaya kuutoa. Nikauosha, spiriti, mkanda tena, nikamkabidhi.

Mara yake ya kwanza nilimwambia mashavu tu, kidevu na shingo amalizie na kile kiwembe chake cha kawaida, wiki mbili hivo. Oga kwanza au weka taulo la moto, ndevu zilainike. Povu zito, sio lile jepesi linalokauka. Mkono mwingine unavuta ngozi ikaze, na huu ndo unaofanya kazi kubwa, watu wanadhani ni ule ulioshika wembe. Nafasi kati ya mgongo wa wembe na ngozi iwe kama inatosha migongo miwili ya wembe kuingia, hapo uko kwenye digrii 30 hivi, ukilaza sana unavuta, ukisimamisha sana unakwangua. Fuata ndevu zinakolala. Na kamwe usiuvute kwa urefu wake kama unakata mkate, wembe unaenda mbele tu, ukienda pembeni hata milimita tatu umefungua ngozi.

Alisimama mbele ya kioo kama dakika mbili hajafanya kitu. Mi nimekaa pembezoni mwa bafu najifanya naangalia simu. Alafu nikasikia ile sauti, krrrr, ya ndevu zinakatika, wembe mkali una sauti yake. Akashusha kutoka sikioni mpaka katikati ya shavu, akasimama, akapangusa, akaangalia. Shavu safi. Akasema kwa sauti ndogo kabisa "kumbe". Shavu la pili lilikuwa la mkono wa kushoto na hapo ukweli ukaja, akajikwaruza chini ya sikio, tone moja la damu, akamalizia na kile cha kawaida. Mi siku yangu ya kwanza nilitumia karatasi nusu roli kuziba matundu kwa hiyo sina la kusema.

Nikamkumbusha akishasuuza aukaushe vizuri, mpaka kule shingoni kwenye ribiti, auache wazi saa moja kabla ya kuufunga, apake tone la mafuta kama hatautumia siku kadhaa. Chuma cha zamani sio kile kisichoshika kutu, tone moja la maji lililofungiwa ndani ya mpini usiku mmoja linatosha kurudisha kazi yangu yote.

Siku ya tisa akapiga simu. "Shikamoo anko. Wembe unavuta." Marahaba, nikamwambia tulia tufikiri. Makali nayajua, niliyaweka mimi na niliyanyolea mimi. Povu nilimwona analipiga, liko sawa. Mkono siku nane ulikuwa unakwenda vizuri, haujasahau usiku mmoja. Nikamuuliza kitu kimoja tu, mkanda wako ukoje. Akanyamaza. Nikarudia. Akasema "una ka alama kadogo katikati, kama kamekatwa na kitu".

Kamekatwa na kitu! Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Alikuwa anachelewa, akapiga chwa chwa chwa, akageuzia makali. Nikamwambia alama asugue kwa msasa laini mpaka isihisike na kidole, na wembe aulete Jumamosi, hauhitaji kurudi 1000, mipitisho michache kwenye 8000 na 12000 inatosha. Akauliza kama anaweza kuja mapema kidogo, kabla sijaloweka vinoo.